Gari Lililokwama Mbele ya Kihamba cha Baba

Mume wangu alikuwa fundi wa magari katika gereji ya Singasinga mmoja pale Moshi mjini, enzi zile Mwingereza bado anatawala. Tulikaa Majengo, katika nyumba ya baba mkwe wangu, mzee wa Kimanyema aliyeoa Mpare, na ua wetu haukukosa harufu ya iliki asubuhi na ya mafuta ya magari jioni. Mimi si mtu wa mjini kwa kuzaliwa. Kwetu ni Mwika, juu kwenye kahawa na migomba, na mpaka nilipokuwa msichana mkubwa nilikuwa nimeteremka Moshi mara chache tu, kwa miguu, kikapu kichwani.

Tulijuana kwa sababu ya lori. Lori la kubeba kahawa liliharibika karibu na soko la Mwika, akatumwa yeye kuja kulitengeneza. Alikaa huko siku kadhaa, na kila siku akaja kununua ndizi mbivu kwangu, nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Mama alizisikia habari hizo kabla mimi mwenyewe sijazielewa.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Nilipoolewa na Mwislamu, nikasilimu, hakunipiga wala hakunilaani. Alisema neno moja tu, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza mbuzi wafungwe: "Usikanyage tena kihamba changu." Kihamba kwetu ni zaidi ya shamba. Ni nyumba, migomba, kahawa na makaburi ya mababu, vyote ndani ya ua mmoja. Nilisikia baadaye kuwa siku ya Jumapili hakwenda kukaa kwenye benchi la wazee. Alikaa nyuma, karibu na mlango, na hakuna aliyemwambia ahame.

Basi nikaishi mjini, na mama nikawa namwona sokoni tu. Alikuwa akishuka na lori la ndizi, ananitafuta kwenye safu ya wauza mboga, ananipa maziwa mgando ndani ya kibuyu na mkungu wa ndizi, tunasimama tukiongea Kichaga haraka haraka kama watu wanaoogopa mvua. Kisha anapanda lori na kurudi.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe alinilea vizuri. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, hakuniacha ninyanyue hata ndoo. Lakini kwetu mlimani mzazi hulishwa kwao. Hukaa ndani miezi, akiletewa mtori wa ndizi, supu na nyama, mpaka ngozi yake ing'ae na watu wakimwona waseme kwao kuna watu. Mimi nilikuwa nang'aa kwa mafuta ya nazi tu, na moyoni nilijua tofauti.

Siku moja mama alikuja mpaka Majengo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mlangoni, akaomba maji, akamshika mtoto, ndipo akasema.

"Baba yako amekubali umlete mtoto. Ukae kwetu mpaka upate nguvu."

Nikauliza, "Na mume wangu?"

Mama akamtazama mtoto. "Awafikishe barabarani. Ageuze gari arudi."

Nilitaka kukataa. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba pale uani, amesikia kila neno. Akasema, "Shikamoo mama. Mwambie mzee nimesikia. Nitawafikisha barabarani."

Gari lenyewe alikuwa amelinunua kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge. Lilikuwa gari la Kiingereza la kabla ya vita, jeusi, taa zake zimechomoza mbele kama macho ya chura. Lilikuwa limezeeka, na mume wangu alikuwa amelifufua kipande kwa kipande, jioni baada ya kazi, kwa vyuma alivyoviokoa kwenye magari yaliyokufa. Ukiketi nyuma ulisikia kila kitu, na mimi ndiye niliyeketi nyuma siku zote. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeanza kuusikia ule mlio.

Ulianza kama nyuki walio mbali. Gari likienda polepole, kimya. Likishika kasi, mmm, upande wa kushoto, chini ya kiti changu. Nilimwambia, akalipeleka gari barabara ya hospitali ya KCMC ya leo, ambayo wakati ule ilikuwa njia ya vumbi, akaendesha huku ameinamisha kichwa. Aliporudi akalipiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto.

"Beringi," akasema. "Imekwisha."

Beringi ya modeli ile haikupatikana Moshi. Singasinga aliagiza Nairobi, ije na treni. Wiki ya safari yetu ilikuwa bado haijafika, au ndivyo tulivyoambiwa. Mume wangu akafungua, akapaka grisi mpya, akafunga. Akaniambia tutakwenda taratibu.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, mtoto mapajani, nyuma yangu mfuko wa mchele na sukari ya kumpa mama. Mpaka Himo tulikwenda salama. Tulipoanza kupanda, wale nyuki wakaja karibu. Marangu tukapita watu wakituangalia. Baada ya Marangu mlio ulibadilika, ukawa kama jiwe la kusagia ulezi lisilo na ulezi. Barabara ilikuwa na matope ya mvua ya usiku, na kila kona gari lilitikisa mkia. Kisha nikasikia harufu ya grisi inayoungua.

"Simama," nikamwambia.

"Kwenu ni wapi kutoka hapa?"

"Pale penye ule mringaringa."

"Tufike pale."

Alilipandisha gari kwa mwendo wa mtu anayebeba yai. Tulipofika chini ya mti wenyewe, mbele ya njia ya kuingilia kwetu kabisa, kitu kikapasuka huko chini kwa sauti ya sufuria iliyoanguka, gurudumu likalala upande, na gari likasimama. Mume wangu alishuka, akatema mate kidogo kwenye kidole na kugusa kati ya gurudumu. Mate yakachemka.

Mama alikuwa tayari anakuja mbio, khanga inamwanguka. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akanivuta mkono, tukaingia ndani ya kihamba. Nilipogeuka nilimwona mume wangu amesimama barabarani, mikono kiunoni, analitazama gari lake. Hakukanyaga hata ukingo wa mfereji wetu wa maji.

Baba alikuwa amesimama kati ya migomba. Hakunisalimia. Alimtazama mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama, akatazama muda mrefu, kisha akapita, akaenda mpaka kwenye ua wa masale, ile mimea tunayopanda mipakani, na kusimama pale, upande wake wa ua. Kutoka jikoni niliwaona wote wawili.

Mume wangu alisema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba," baba akaitikia, kwa sababu marahaba haikataliwi. Lakini aliitikia akilitazama gurudumu.

Mume wangu akatoa jeki, akaiweka chini ya ekseli, akaanza kuzungusha. Jeki badala ya kulinyanyua gari ikazama yenyewe kwenye udongo mwekundu. Akaiondoa, akatafuta jiwe, akaiweka juu yake. Jiwe nalo likazama. Baba alitazama hayo yote. Mara ya tatu akaondoka, nikadhani amechoka kutazama. Akarudi amebeba ubao mnene uliotumika kama mlango wa banda la mbuzi, akaurusha juu ya ua, ukaanguka miguuni mwa mume wangu.

"Udongo wa hapa haubebi chuma," akasema. "Weka huo."

Gari likanyanyuka. Gurudumu likatoka, na dramu ya breki ikatoka. Lakini ile habu, kile kichwa cha chuma kinachoshika gurudumu, kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye shafti kama kupe, na ili kukivuta alihitaji pula, chombo chenye kucha za kushikia, ambacho kilikuwa kimebaki gereji. Nilimwona akifuta mikono taratibu. Lori la kahawa lilikuwa linateremka mchana ule. Alilisimamisha, akapanda juu ya magunia. Kabla halijaondoka alimwambia baba, "Mzee, nisamehe. Linakaa hapa mpaka Jumatatu. Gereji haifunguliwi kesho."

Lori likaondoka.

Jumapili ikaja. Barabara ile ndiyo iliyokuwa njia ya kwenda kanisani, na kihamba chetu kilikuwa mahali ambapo kila mtu wa upande wetu lazima apite. Gari jeusi la mjini lilikuwa limekaa hapo, nyuma limeegemea magogo, gurudumu moja limelala kwenye nyasi, na ekseli iliyo wazi imefunikwa majani ya migomba na gunia la kahawa. Sikujua nani aliyeifunika. Mama hakuwa yeye, kwa kuwa nilimuuliza. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha.

Mimi nilikuwa nyuma ya migomba, nimembeba mtoto, naota jua. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani, amesimama karibu na gari kama mtu asiyejua aende au abaki. Waliopita kwanza walikuwa wanawake. Walimwamkia, wakauliza gari lina nini.

"Limeharibika," baba akasema.

Wakapita vijana wa kwaya. Wakauliza ni la nani. Baba akawaambia wawahi, kengele imeshalia. Kisha akaja mwalimu wa dini, mtu wa rika la baba, aliyebarikiwa kipaimara pamoja naye. Yeye hakupita. Alilizunguka gari lote, akagusa taa, akainama kutazama chini.

"Hili ni la nani?" akauliza.

Baba akakohoa. Nilimbana mtoto bila kujua, akalia kidogo. Wote wawili waligeuka kutazama upande wa migomba.

"La mkwe wangu," baba akasema.

"Mkwe yupi?"

"Kwani nina mkwe mwingine?"

Mwalimu wa dini alimshika baba bega, wakaanza kuteremka kwenda kanisani pamoja. Baba alipokuwa akitembea nilisikia kitu kinalia kwenye koti lake, kengele-kengele, kila hatua. Jioni nikajua ni nini. Zilikuwa nati za gurudumu. Aliogopa zitaibwa, akaziokota zote, akakaa nazo mfukoni ibada nzima. Mama aliniambia kuwa waliposimama kuimba ziliimba nazo, na baba akabaki ameushika mfuko kwa mkono mmoja na kitabu kwa mkono mwingine.

Jumatatu, jua likiwa limepanda, mume wangu alifika kwa miguu kutoka Marangu, begani amening'iniza mfuko wa vyombo. Beringi ilikuwa imefika na treni kumbe tangu siku ile tuliyoondoka, ikakaa stesheni. Ilikuwa imefungwa kwenye karatasi ya mafuta kama kipande cha jibini. Baba alikuwa tayari nje, na safari hii alikuwa upande wa barabara.

Nilichukua kigoda nikakaa karibu nikinyonyesha. Hakuna aliyenifukuza. Mume wangu alifunga pula, akaikaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akampa baba ashike mpini usirudi nyuma, kisha akapiga ncha kwa nyundo. Mara ya kwanza kimya. Akakaza, akapiga. Ghafla habu ikaruka kwa mlio wa bunduki, kuku wote wa jirani wakatawanyika, na baba akakaa chini matopeni na mpini wake mkononi. Nilikuwa sijamsikia baba akicheka tangu nilipoondoka. Alicheka.

Beringi ya zamani ilitoka vipande vipande. Gololi zikaanguka kwenye sinia la mama, nyeusi, nyingine zimemegeka kama meno mabovu. Baba akaokota moja, akaifuta kwa kidole gumba.

"Chuma hiki kimeuawa na nini?" akauliza.

"Maji, mzee. Sili, ile ringi ya kuzuia maji, ilichoka, grisi ikatoka, maji yakaingia. Chuma kikabaki kikavu kinajila chenyewe."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua ni mbovu. Binti yako ndiye aliyesikia kwanza."

"Ukaipandisha mlimani hivyo hivyo."

"Nilidhani itawafikisha. Kwa kurudi, nilisema ikifa, nitakufa nayo njiani peke yangu, mama na mtoto wakiwa salama kwenu."

"Ungelala wapi?"

"Ndani ya gari."

Baba aligeuza ile gololi mkononi. Mume wangu aliosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akajaza grisi kwenye beringi mpya kwa kiganja, akiisukuma mpaka itokee upande wa pili. Kisha akatazama huku na huku.

"Nahitaji mti mgumu wa kuigongea iingie. Nikipiga chuma kwa chuma nitaiharibu."

Baba akaenda ndani. Akarudi na kipande cha shina la mkahawa mzee, kikavu, ambacho alikuwa amekiweka juu ya dari ya moshi muda mrefu kwa ajili ya mpini wa jembe. Alikikata kwa panga, akakisawazisha ncha, akampa. Mume wangu aliweka kile kipande kwenye beringi, akawa anagonga taratibu, akizunguka, upande huu na upande huu, huku baba amepiga magoti akichungulia kama inaingia sawa.

"Ongeza huku," baba anasema. "Imebaki nyuma."

"Huku?"

"Hapo. Basi. Imekaa."

Baba akatoa nati mfukoni, moja moja, akampa. Walipomaliza, mume wangu alilizungusha gurudumu kwa mkono likiwa bado hewani. Likazunguka, likazunguka, bila sauti yoyote, na sote tukalitazama mpaka liliposimama lenyewe.

Mume wangu akaanza kukusanya vyombo. Alinawa mikono kwenye mfereji, akaja kumtazama mtoto, akaniambia kwa sauti ya chini kuwa atarudi kunichukua mama atakaposema. Alikuwa ameshashika mlango wa gari, baba alipotokea kwenye ua akivuta mbuzi dume kwa kamba. Mkono wa pili alikuwa na kisu.

Kwetu mbuzi wa mzazi huchinjwa na baba mwenye nyumba. Hilo ni jambo la wanaume na lina utaratibu wake, nani ashike, nani apate kidari, nani apate mbavu. Baba alisimama kwenye njia ya kuingilia, akageuza kisu, akakitoa kwa upande wa mpini.

"Binti yangu ananyonyesha," akasema. "Lazima ale nyama. Nikichinja mimi hatakula. Ingia, uchinje wewe."

Mume wangu alivua viatu vyake, sijui kwa nini, akaviacha barabarani, akaingia kihamba cha baba peku. Akatafuta upande wa kibla kwa kutazama jua, akamlaza mbuzi pale pale chini ya migomba, baba akashika miguu. Nilimsikia akisema Bismillahi, na baba akasubiri amalize, kofia mkononi.

Jioni ile tulikula sote. Mama alipika mtori, akachoma nyama, akamtengea mume wangu maziwa badala ya pombe ya mbege. Damu ya mbuzi, ambayo kwetu huchanganywa na maziwa ikapewa mzazi, hakuniletea. Alijua. Baba alikula, kisha akaanza kumuuliza mume wangu juu ya mashine ya kumenyea kahawa ya pale nyumbani, ambayo ilikuwa ikivunja punje tangu msimu uliopita. Wakaenda kuiangalia wakiwa na nyama bado mikononi.

Asubuhi yake, kabla mume wangu hajateremka, baba alitaka kujua kama kazi ni nzuri. Aliingia kwenye gari akaketi nyuma, kushoto, mahali pangu, wakaenda mpaka karibu na kijiji cha Mkuu na kurudi. Alitoka ameridhika sana.

"Kimya," aliniambia. "Kimya kabisa."

Nilikaa kwetu mpaka kahawa ilipoanza kuiva. Mume wangu alipanda kila alipopata nafasi, na mara zote baba ndiye aliyesikia gari kabla yetu. Kanisani, mama alisema, baba aliendelea kukaa nyuma karibu na mlango. Waliwahi kumwita arudi kwenye benchi, akasema pale alipo kuna hewa. Kati yetu hakuna aliyewahi kuzungumza habari ya neno lile alilonifukuzia. Idi ilipofika alishuka mjini na mkungu mkubwa begani, akaketi uani Majengo na baba mkwe wangu, wazee wawili ambao Kiswahili cha mmoja kilikuwa cha mlimani na cha mwingine cha misafara, wakaelewana vizuri sana kuhusu bei mbaya ya kila kitu.

Siku niliyochukuliwa kurudi kwangu, mama alipakia ndizi, maharage, kuku wawili hai, maziwa, na kipande cha ngozi ya mbuzi cha kulalia mtoto, mpaka gari likainama nyuma. Mume wangu alitazama magurudumu, akamtazama mama, akawasha gari. Tuliteremka pole pole. Mtoto alilala kabla ya Marangu. Mimi nililia mpaka Himo, na mume wangu, aliyekuwa akinijua, hakuniuliza kitu. Alishusha tu kioo ili nipate upepo.